Faili la gigabaiti 412 linakwama njiani: nifanyeje?

*Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha utamaduni hapa Tanga. Kwa miaka miwili tumekuwa tukihamisha kanda za kaseti kwenda kwenye kompyuta: mashairi, maulidi, ngoma za harusi na mahojiano na wazee, ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Sauti tumezichukua kwa biti 24 na kilohezi 96 kama tulivyoelekezwa. Zote tumezifunga katika faili moja la tar (fungu linalobeba faili nyingi ndani yake) lenye gigabaiti 412, na tunataka kulipeleka kwenye hifadhi ya muda mrefu ya S3 ya kampuni ya Amazon, daraja la Glacier Deep Archive, ambako mfadhili ametufungulia akaunti. Ofisini tuna faiba, na kupandisha ni megabiti 10 kwa sekunde. Kijana anayetusaidia aliandika programu fupi ya kulikata faili na kulipeleka kipande kipande. Tukianza magharibi linakwenda vizuri usiku kucha, halafu kesho yake mchana, likifika kama gigabaiti 84, linagoma. Tukianza upya, linagoma palepale. Tulidhani ni umeme, tukanunua UPS. Tulidhani ni laini, tukamwita fundi wa mtandao. Wenzangu wameanza kusema tuziache kwenye diski, yaishe. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. UPS mliyonunua itawafaa, lakini umeme hauhusiki hapa, wala laini. Ungekuwa umeme, faili lingekwama leo kwenye gigabaiti 30, kesho kwenye 110, keshokutwa lisikwame kabisa. Kitu kinachogoma palepale kila siku kina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo umenipa mwenyewe: 84.

Faili likipelekwa S3 kwa vipande, kila kipande hupewa namba, kuanzia 1 hadi 10,000. Hakuna namba 10,001. Naamini kijana wenu amekata vipande vya megabaiti 8, kwa sababu ndicho kipimo ambacho programu ya amri ya AWS (huduma za wingu za Amazon) huanza nacho na ndicho kinachoonekana kwenye mifano mingi. Megabaiti 8 kwa hesabu ya kompyuta ni baiti 8,388,608. Zidisha kwa 10,000 upate baiti 83,886,080,000. Hapo ndipo mnapokwama kila siku. Programu ya AWS ikikutana na faili kubwa huongeza ukubwa wa kipande yenyewe ili idadi isivuke mpaka. Ya kijana wenu haijaambiwa kufanya hivyo. Mwambie asivunjike moyo. Alichoandika kinafanya kazi, tena usiku kucha bila mtu kukikalia.

Sasa, kipande kiwe na ukubwa gani? Gawanya gigabaiti 412 kwa 10,000, utaona hakiwezi kuwa chini ya megabaiti 41 na ushee. Mimi ningechukua 64. Kwa vipande vya megabaiti 64, yaani baiti 67,108,864, faili lenu linatoa vipande 6,140, na cha mwisho kinakuwa kidogo, kama megabaiti 19. Hilo halina tatizo: sharti la S3 ni kila kipande kisipungue megabaiti 5, isipokuwa cha mwisho. Kwa juu wanaruhusu hadi gigabaiti 5 kwa kipande, na najua watakuja watu wa kuwashauri mkate vipande vikubwa ili viwe vichache. Ushauri huo unamfaa aliye ndani ya kituo cha data. Kwa laini yenu, kipande cha megabaiti 64 kinapanda kwa sekunde kama 54. Mtandao ukikatika mmepoteza kazi isiyofika dakika moja. Kipande cha gigabaiti 1 kinahitaji zaidi ya dakika 14, na kikikatika dakika ya 13 kinarudiwa chote.

Kuna jambo jingine kwenye laini nyembamba ambalo halitazamwi sana. Programu nyingi hupeleka vipande kadhaa kwa pamoja. Ile ya AWS huanza na maombi 10 kwa mpigo. Kwenye laini nene hiyo ni faida kubwa. Kwenye megabiti 10, vipande kumi vinagawana upana uleule, kila kimoja kinachukua dakika tisa badala ya sekunde 54, na umeme ukikatika vyote kumi vinakufa vikiwa nusu nusu. Punguzeni viwe viwili, au vitatu kama ofisi imefungwa na hakuna mwingine anayetumia laini. Viwili vinatosha kuhakikisha kwamba kimoja kikisubiri jibu, kingine kinapanda.

Hata mkirekebisha hayo yote, gigabaiti 412 kwa megabiti 10 ni kama saa 92, karibu siku nne mfululizo. Msijidanganye kwamba katika siku nne hakuna kitakachokatika. Kwa hiyo lazima programu yenu ijue kuendelea pale ilipoishia, na hapa ndipo nataka kijana akae na wewe msome pamoja, taratibu.

Kupakia kwa vipande kuna kufungua, kupeleka na kufunga. Unafungua kwa amri ya create-multipart-upload, na hapohapo ndipo unapotaja daraja, DEEP_ARCHIVE. S3 inakurudishia namba ndefu ya upakiaji. Namba hiyo ihifadhiwe mara moja kwenye faili la maandishi, nje ya kumbukumbu ya programu, kwa sababu programu ikizimika nayo inapotea. Halafu mnapeleka vipande kwa upload-part, kila kimoja kikiwa na namba yake. Si lazima viende kwa mpangilio. Cha 500 kinaweza kufika kabla ya cha 3. Ukikipeleka tena kipande chenye namba ileile, kipya kinachukua nafasi ya cha zamani. Kila kinachopokelewa kinarudishiwa alama yake, inaitwa ETag, nayo iandikwe. Mwisho mnafunga kwa complete-multipart-upload, mkiwasilisha orodha nzima ya namba na alama zake. Ni hapo tu faili linapokuwa faili. Kabla ya kufunga, hata kama vipande vyote 6,140 vimefika, ukifungua baketi, yaani chombo chenu cha faili ndani ya S3, hutaona kitu.

Kutokana na maelezo yako, programu yenu kila ikiwashwa inafungua upakiaji mpya, na ndiyo maana mnaanza upya. Inatakiwa isome kwanza ile namba iliyohifadhiwa, iiulize S3 kwa amri ya list-parts ni vipande vipi vimeshafika, kisha ipeleke vilivyobaki tu. Angalizo kwa kijana: list-parts hutoa vipande visivyozidi 1,000 kwa jibu moja. Ni lazima aombe ukurasa unaofuata, na unaofuata, mpaka orodha iishe. Asipofanya hivyo, programu itaamini vimefika 1,000 tu na itarudia kupeleka vingine maelfu bila sababu, nanyi mtalaumu laini.

Kama hataki kuandika hayo yote, programu ya s3cmd ina chaguo la --continue-put ambalo linalinganisha vipande vilivyofika na vilivyopo kwenye diski, kisha linaendelea. Ila msitumie aws s3 cp kwa safari ndefu ya namna hii. Ni amri nzuri kwa faili la kawaida, lakini ikishindwa katikati inafuta vipande vyote vilivyokwisha fika na mnarudi sifuri.

Wengi wananiuliza vipande hivyo vinaweza kusubiri muda gani. Kwenye S3 vinasubiri hadi wewe mwenyewe uvifunge au uvifute, isipokuwa kama baketi imewekewa kanuni ya usafishaji. Mwulize mfadhili kama ipo. Hili si jambo dogo kwa ukanda wetu. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na intaneti ikayumba kuanzia kwetu hadi Kenya, Uganda na Msumbiji. Aliyekuwa na namba ya upakiaji na programu inayojua kuendelea, alisubiri tu laini irudi.

Hayo ndiyo majibu ya swali ulilouliza. Sasa nitakuambia ambalo hukuuliza, na naomba ulifikishe kwenye kikao cha kikundi kabla hamjapeleka hata kipande kimoja. Fungueni hilo tar.

Fikiria siku ambayo mjukuu wa mzee mmoja atakuja ofisini kuomba sauti ya babu yake. Faili lililo Deep Archive halifunguki papo hapo. Unatuma ombi la kulirudisha, na kwa njia ya kawaida unasubiri hadi saa 12, kwa njia nafuu hadi saa 48. Likirudi, linarudi lote. Msipojua sauti hiyo iko wapi ndani ya fungu, mtalipakua gigabaiti 412 ili kupata dakika arobaini za sauti. Kwa bei za AWS za kanda ya Virginia, Marekani, kutoa data nje ni kama senti 9 za dola kwa kila gigabaiti baada ya zile 100 za bure kwa mwezi, kwa hiyo ni dola 28 hivi kwa kanda moja ya mzee mmoja. Nani atalipa? Mtamwambia arudi wiki ijayo, na hatarudi.

Kwa biti 24 na kilohezi 96, stereo, saa moja ya sauti ni zaidi kidogo ya gigabaiti 2. Ina maana mna karibu saa 200 za sauti ndani ya fungu hilo. Kila kaseti iwe na fungu lake: sauti ya upande A na upande B, picha ya kasha na ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na maelezo mafupi ya nani anasikika, wapi, na nani alirekodi. Fungu la namna hiyo ni gigabaiti 2 au 3. Hata vile vipande vyenu vya megabaiti 8 vinatosha kabisa, vitakuwa kama 250 hadi 370, na fungu moja linapanda kwa nusu saa au dakika arobaini. Mnaweza kupeleka kanda tano kila usiku na kulala usingizi. Picha na maandishi msivipeleke kimoja kimoja, maana kila kitu kinachowekwa Deep Archive hubeba kilobaiti 40 za ziada za kumbukumbu ambazo nazo hulipiwa. Vifungwe pamoja na sauti yake.

Msiseme mtapeleka hilo kubwa kwanza halafu mtapanga baadaye. Deep Archive inahesabu angalau siku 180. Ukifuta kabla, siku zilizobaki unalipa vilevile. Fedha yenyewe si nyingi, kwa bei ya dola 0.00099 kwa gigabaiti kwa mwezi, gigabaiti zenu 412 ni kama senti 41 za dola. Ninachoogopa ni kile "baadaye". Watu wanaojua sauti ya nani ni ya nani wapo sasa hivi hapo Tanga. Kaeni nao mkiwa mnafungua kanda moja moja.

Na kabla fungu lolote halijatoka, lipigeni heshi ya SHA-256 (alama fupi inayobadilika faili likibadilika hata kidogo) kwa programu ya sha256sum, muiandike kwenye rejista pamoja na jina la fungu, ukubwa wake kwa baiti, na tarehe. Rejista hiyo iwepo kwenye kompyuta na ichapishwe kwenye karatasi. Diski mliyonayo msiifute. Wenzako wanaotaka ziachwe kwenye diski hawajakosea kutaka kuwa na diski. Watakuwa wamekosea wakitaka diski peke yake, maana diski moja ikianguka kutoka mezani, wazee hao hawapo wa kurekodiwa tena.

*Habari Mama Fundi. Nina studio ya video za harusi na mazishi hapa Kisumu. Kazi zilizokwisha nazituma kwenye hifadhi ya baridi ya wingu, ile ya bei nafuu kwa vitu visivyofunguliwa mara kwa mara. Nikiangalia baketi naona kama gigabaiti 600, na kwa bei ya hifadhi hiyo nilitegemea bili isiyofika dola 1. Imekuja dola 19, mwezi wa tatu sasa. Nimehesabu faili zote moja moja, hazizidi. Je, naibiwa? — Mwenye studio, Kisumu*

Njema, ndugu yangu. Huibiwi. Unalipia vitu vyako ambavyo huvioni.

Kila mara upakiaji wa vipande unapokatika bila kufungwa wala kufutwa, pengine umezima kompyuta, pengine stima imepotea, vipande vilivyofika vinabaki huko. Havionekani kwenye orodha ya faili kwa sababu bado si faili. Vinalipiwa hata hivyo, na hapa ndipo unapoumia: ingawa ulivielekeza kwenye daraja la baridi, mpaka vifungwe vinatozwa kwa bei ya daraja la kawaida. Kampuni hukuitaja, lakini hesabu yako inalingana na bei za S3 kanda ya Virginia, dola 0.023 kwa gigabaiti kwa mwezi dhidi ya 0.00099 ya Deep Archive. Ni zaidi ya mara 23. Toa senti 60 za faili zako halali, inabaki dola 18 na senti 40. Gawanya kwa 0.023. Ni gigabaiti 800 za vipande yatima, zaidi ya kazi yako yote unayoiona.

Kuvitafuta ni amri moja, aws s3api list-multipart-uploads ikifuatiwa na jina la baketi. Utapata jina la kila faili lililoachwa njiani, tarehe ya kuanza, na namba yake ya upakiaji. Usikimbilie kufuta. Pitia orodha hiyo ukiwa na daftari la kazi zako, kwa sababu huenda kuna harusi ambayo uliamini imefika, ukaifuta kwenye diski, na kumbe haikufungwa. Vipande vyake vikiwa vimekamilika, list-parts itakuonyesha, na unaweza kuifunga leo na ikawa faili. Huyo ni bibi harusi wa mtu. Vilivyobaki, ambavyo asili yake unayo, futa kwa abort-multipart-upload.

Kisha weka kanuni ya usafishaji kwenye baketi, ile inayoitwa AbortIncompleteMultipartUpload, ili upakiaji ambao haujafungwa baada ya siku kadhaa ufutwe wenyewe. Wengi huandika siku 7. Tazama kwanza laini yako, maana siku zinahesabiwa tangu upakiaji ulipofunguliwa, hata kama vipande bado vinaingia. Mtu ambaye faili lake linahitaji siku kumi kupanda, kanuni ya siku 7 itamfutia akiwa bado anapeleka. Kwako wewe ningeweka 14. Yule katibu wa Tanga, kama angeng'ang'ania faili lake kubwa, ningemwambia 30.

*Assalaam aleikum, mama yetu. Naandika kutoka Muscat. Familia yetu ilitoka Unguja, na tangu 2014 tunahifadhi picha za barua na hati za wazee kwenye Amazon Glacier ile ya zamani, yenye masanduku. Aliyetutengenezea programu amehama. Nimejaribu kupakia mwenyewe faili la gigabaiti 9 kwa vipande. Vyote vimepokelewa, lakini kwenye hatua ya mwisho inakataa, inasema heshi hailingani. Nimepiga sha256sum mara nyingi, jibu ni lilelile kila mara. Je, faili limeharibika njiani? — Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam, mwanangu. Faili lako ni zima. Heshi unayopeleka ni sahihi, ila siyo inayoombwa.

Glacier ile iliyoanza 2012 haitaki SHA-256 ya faili zima kama sha256sum inavyoitoa. Inataka heshi ya mti. Nitakuonyesha kwa faili dogo la megabaiti 5. Linakatwa megabaiti moja moja, zinakuwa tano, tuziite A, B, C, D na E, na kila moja inapigwa SHA-256 yake. Sasa chukua heshi ya A na ya B, ziunganishe zikiwa baiti 32 na 32, uzipige SHA-256 pamoja. Hiyo ni AB. Fanya hivyo kwa C na D. E imebaki peke yake, haina mwenza, inapanda ngazi ya juu kama ilivyo. Ngazi inayofuata una AB, CD na E. Unganisha AB na CD, piga heshi, E inapanda tena. Mwisho unaunganisha ABCD na E, na kinachotoka ndicho mzizi. Huo ndio unaopelekwa kwenye hatua ya kufunga, pamoja na ukubwa wa faili kwa baiti.

Watu huanguka sehemu mbili hapo. Wengine huunganisha heshi zikiwa katika maandishi, zile herufi 64, badala ya baiti zenyewe 32. Matokeo ni tofauti kabisa. Wengine hupiga mti juu ya vipande vya upakiaji kwa kuhesabu kila kipande kama jani. Majani ni megabaiti moja moja siku zote, hata kama vipande ulivyopeleka ni vya megabaiti 64. Jaribu programu yako kwanza kwa faili lisilozidi megabaiti 1: hapo mti una jani moja tu, na jibu lazima lifanane na sha256sum. Kisha jaribu la megabaiti 2, ulihesabu kwa mkono. Yakikubali hayo mawili na la megabaiti 5, la gigabaiti 9 litakubali.

Ukubwa wa vipande nao una sheria yake huko, tofauti na S3. Lazima uwe megabaiti 1 ikizidishwa mara mbili mbili: 1, 2, 4, 8, hadi gigabaiti 4, na vyote vilingane isipokuwa cha mwisho. Kwa gigabaiti 9 chukua 16, utapata vipande visivyofika 600. Usiache upakiaji ukalala pia. Glacier inaweza kuufuta ukikaa saa 24 bila kuguswa, kwa hiyo ulioniandikia huenda umeshaondoka, na itabidi uanze mwingine. Andaa heshi ya mti kabla ya kufungua upakiaji, faili likiwa bado kwenye diski yako.

Kwa kuwa huduma hiyo ya masanduku haipokei wateja wapya tangu Desemba 2025, wanaouliza kama waanzie hapo nawaambia waende kwenye madaraja ya Glacier yaliyo ndani ya S3. Wewe uliyemo unaweza kuendelea. Ila angalia jambo moja kwa hati za wazee wenu: ndani ya sanduku faili halina jina. Ukifunga upakiaji unapewa namba ya herufi 138, na hiyo ndiyo njia pekee ya kulipata tena. Una nafasi ya maelezo, isiyozidi herufi 1,024, nayo hujazwa wakati wa kufungua upakiaji. Ijaze: barua ya nani kwenda kwa nani, mwaka, kurasa ngapi, na heshi yake ya kawaida. Andika kwa herufi za kilatini, maana maandishi ya Kiarabu hayakubaliki katika nafasi hiyo, na najua barua nyingi za zama hizo ziliandikwa kwa hati hiyo.

Orodha ya sanduku hutengenezwa takriban mara moja kwa siku, na kuiomba nako kunachukua saa kadhaa. Ukifunga leo usiku, kesho asubuhi usipoliona faili lako usilipeleke tena. Subiri siku ipite, uombe orodha, ulinganishe namba, ukubwa na heshi ya mti na ulivyoviandika.